Mzee Barnabas Egwang na Kompyuta Aliyoogopa Kuizima, 1956–2025

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Chakol na wageni mliotoka Malaba, Busia na ng'ambo ya mpaka: wengi wenu mlishakaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya Mzee Barnabas Egwang, mkiwa na msiba, naye akawauliza maswali yake matatu. Leo maswali hayo yameulizwa juu yake. Mimi ni Gentrix Asio, kifungua mimba wake. Nimeyajibu nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, na mtanisamehe nikicheka mahali pa kulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Chakol, katika boma hili hili, mtoto wa tatu wa hayati Ejoku na hayati Akiteng. Nyanya alikuwa akitusimulia kwamba alizaliwa asubuhi ya palizi ya wimbi, na kwamba hakulia mpaka wakunga wakaanza kuangaliana. Alipolia, alilia mara moja tu, akanyamaza. Aliishi vivyo hivyo, bila kelele nyingi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Alisoma sekondari miaka miwili. Babu alipofariki mwaka 1972, karo ilikosekana na masomo yakaishia hapo. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha ufundi kusomea redio. Alisoma muhula mmoja, mwalimu akahamishwa na kozi ikafa. Shikeni hapo kwenye redio, maana muhula huo mmoja ulikuja kututia aibu miaka hamsini baadaye. Mwaka 1974 alijifunza kupiga taipu mjini Busia, akapata cheti ambacho Mama amekihifadhi mpaka leo.

Mwaka 1976 aliajiriwa Malaba na kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani, akapiga taipu makaratasi ya malori kwa miaka thelathini na miwili. Madereva walimwita Boss ingawa hakuwa bosi wa mtu yeyote. Alipostaafu mwaka 2008, kampuni ilimpa zawadi ya kompyuta iliyotumika miaka mitano. Alikodi chumba hapo hapo Malaba, kando ya saluni yangu, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: BARUA, MAOMBI YA KAZI, PROGRAMU ZA MAZISHI. Haukupita mwaka mmoja kabla hizo programu, yaani vijitabu vya wasifu kama hivi mlivyoshika leo, hazijameza kazi nyingine zote.

Maswali yake mnayajua. Alizaliwa wapi hasa, si wilaya, ni boma gani? Nani alimfundisha kazi? Na alifanya nini kilichowachekesha watu? Hilo la tatu liliwaudhi wengine. Mjane mmoja aliondoka akidai anafanyiwa mzaha, akarudi baada ya saa moja na kisa kirefu kuliko wasifu wenyewe. Marehemu hakupenda kusifia uongo. Familia moja ilipomshikilia aandike kwamba mzee wao aliwapenda watu wote, alifikiri sana, kisha akaandika kwamba aliwapenda mbwa wake na walimpenda pia. Familia ilikubali. Kwa njia hiyo aliandika wasifu mia sita na kumi na moja, na zote zilikuwa ndani ya mashine ile moja.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Mama yetu, Nafula wa Mundika, tarehe 20 Agosti 1983. Walikutana kwenye foleni ya posta, Busia. Mama anasema alimpenda kwa sababu alimsahihishia barua bila kumcheka. Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi, Nicholas na Vivianne. Nyumba yao haikuwa na makelele. Kwa miaka arobaini na miwili walibishana juu ya jambo moja tu, yaani chumvi kwenye mboga, na Mama amesema nisome hadharani kwamba ni yeye aliyekuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye hiyo kompyuta, maana bila hiyo simjui Baba wa miaka yake ya mwisho.

Mwaka 2021 ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Ikafuata kukataa kuwaka, mpaka ubonyeze kitufe mara tatu, halafu mara sita, halafu hesabu ikatushinda. Marehemu alifungua kifuniko akachungulia. Kwenye ule ubao mkuu ambao mafundi huuita motherboard, kulikuwa na vikopo sita vidogo vimesimama mstari mmoja. Hivyo ndivyo kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi umeme kidogo na kuugawa polepole ili mashine isitikisike. Vichwa vyake vilitakiwa kuwa bapa. Hivi vilikuwa vimevimba kama maandazi, na kimoja kimetoa uchafu wa kahawia.

Fundi mmoja kijana wa Busia, Dancun, alimwambia atupe mashine, yeye atatoa diski na kuhamisha kazi yote kwenye kompyuta mpya. Alijaribu kwa moyo mweupe. Lakini wasifu ziliandikwa kwa programu ya kompyuta ya zamani iliyotoka na mashine kwenye ile kampuni, na kwenye kompyuta mpya zilifunguka zikawa nyota na miraba mitupu. Marehemu alirudi na diski yake mfukoni, hakula chakula cha mchana.

Tangu hapo aliishi kwa ujanja. Aligundua kwamba kapasita mbovu huamka zikipata joto, basi kila asubuhi alikuja saluni kuazima drai yangu ya nywele, akaupuliza ubao ule dakika kumi, wateja wangu wakingoja na vichwa vibichi. Nilipolalamika aliniambia mteja wake naye yuko kwenye drai. Mwisho aliona heri asiizime kabisa. Kuanzia Januari 2022 mashine ile ilikesha miezi kumi na minne, betri ya akiba ikiishikilia umeme ukikatika kidogo. Umeme ukipepesa tu, alisimama mlangoni ameshika kifua. Hakwenda arusi ya Vivianne mpaka Nicholas alipokubali kubaki akiilinda saa tatu za kwanza. Baba yetu alikuwa mtulivu, lakini katika jambo hilo alikuwa mfungwa, na ilituuma kumwona hivyo.

Machi 2023 transfoma ya mtaa wetu iliungua. Tulikaa bila stima kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, na umeme uliporudi, mashine ilikataa. Alipuliza drai mpaka ikanuka. Wapi.

Jumatano hiyo hiyo aliingia msichana anayeitwa Mitchelle, mjukuu wa hayati Osukuku tuliyemzika mwaka 2011. Alikuwa na nafasi ya chuo lakini hana kitambulisho, na Ijumaa saa nne angesimama mbele ya kamati ya wazee kuthibitisha kwamba babu yake alikuwa wa upande huu. Ukoo wao uko pande zote mbili za mpaka, na sanduku la karatasi zao lililiwa na mchwa. Alichobakiza ni kukumbuka kwamba Mzee Egwang aliandika programu ya babu.

Marehemu alimtazama, akaitazama ile mashine. "Iko hapa ndani," alimwambia. "Haijakufa. Imevimba tu."

Na hapa ndipo ule muhula mmoja wa redio ulipotuingiza matatani. Alichukua redio kuukuu ya Babu, akang'oa kapasita zenye nambari alizozitaka, akazichomelea kwenye ubao kabla ya saa kumi. Hakujua mambo mawili. Kwanza, zilikuwa kuukuu kama redio yenyewe. Pili, kapasita ina upande wa hasi, wenye mstari, na ukiigeuza inalipiza kisasi. Tano aliziweka sawa. Ya sita aliiweka kinyume, akabonyeza kitufe.

Ilipasuka kwa mlio ambao Malaba nzima iliuchukua kuwa bastola. Madereva waliokuwa kwenye foleni ya mpaka walilala chini ya malori yao. Wateja wangu walitoka mbio, na mmoja wao, ambaye yuko hapa na ameniomba nisimtaje, alikuja kusimama kwenye geti la Uganda na nusu ya kichwa haijasukwa. Askari walipofika walimkuta Baba ameketi katika moshi, nyusi zimeungua, anafuta miwani.

"Boss, nani amepiga risasi?" walimuuliza.

"Ni mimi," alijibu. "Nimejipiga mwenyewe."

Hilo ndilo jibu la swali la tatu.

Alhamisi asubuhi alikwenda Busia kwa Dancun, akakubali kufundishwa na kijana wa umri wa mjukuu wake. Alirudi na kapasita sita mpya na karatasi ya maagizo ambayo bado tunayo, kwa mwandiko wake. Ameandika: uwezo wa kuhifadhi uwe ule ule; volti inaweza kuzidi, isipungue; chagua za kuvumilia joto kali; chora picha ya kila moja na mstari wake kabla hujang'oa chochote. Alichora. Alichomoa mashine kwenye umeme, akaugeuza ubao, akapasha moto mguu mmoja wa kapasita, akaiinamisha, akapasha wa pili, polepole, kwa sababu ubao ule hunyonya moto na ukiulazimisha unachubuka. Matundu aliyasafisha kwa sindano yangu ya kushonea nywele za bandia. Mitchelle alishika tochi, Mama alisali rozari, nami nilifunga saluni kwa usalama wa umma.

Saa kumi na moja jioni alibonyeza kitufe mara moja. Iliwaka. Mama aliweka tu rozari mezani. Programu ya Osukuku ilitoka ikiwa nzima, na marehemu akaipiga mhuri.

Kesho yake alimsindikiza msichana kwa kamati. Wazee walisoma tarehe na majina ya maboma, wakatikisa vichwa, maana tarehe kila mtu huja nazo. Kisha mmoja wao, Mzee Oriokot, alifika kwenye jibu la swali la tatu: kwamba kila asubuhi marehemu Osukuku aliwaamkia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, na mkewe akasalimiwa wa mwisho. Oriokot alivua miwani.

"Huyu nilipakana naye," alisema. "Hao ng'ombe walikuwa wananiamsha. Mpeni mtoto karatasi yake."

Mitchelle anasoma Chuo Kikuu cha Alupe sasa. Ndiye aliyewagawia programu mlizoshika.

Siku hiyo jioni tulipokuwa tukifunga, nilimwona Baba ameweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Nilimwambia, "Papa, wacha tu iwake. Je, ikikataa kesho?"

"Gentrix," akasema, "kitu kikitengenezwa vizuri hakiogopi kuzimwa."

Aliizima, akafunga mlango, akaenda kunywa ajono, ile pombe yetu ya wimbi inayonywewa chunguni kwa mrija, na wenzake kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne, akasahau hata mrija wake ulikuwa wapi. Kesho yake iliwaka kwa kubonyeza mara moja. Miaka miwili na nusu iliyofuata ndiyo ninayoishukuru zaidi, kwa sababu tulirudishiwa Baba.

Marehemu alianza kuugua Juni 2025. Miguu ilivimba, na daktari alieleza kwamba moyo umechoka. Alimwambia muuguzi kwamba anaujua ugonjwa huo, amewahi kuutibu, ila safari hii spea hazipatikani Busia. Alitunzwa vizuri hospitalini na nyumbani, na tunawashukuru wote waliomhudumia. Hakulalamika. Mwezi wa kumi aliomba arudishwe Chakol, akawa anakaa barazani na Mama wakibishana juu ya chumvi.

Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, mchana, aliniuliza kama nimepita kazini. Nilimwambia nimepita. Aliniuliza kama mashine nimeiacha ikiwaka. Nikasema, "Hapana, Papa, nimeizima."

"Vizuri," alisema. Alilala saa tisa, na saa kumi kasoro robo alikuwa ametutoka, Mama amemshika mkono.

Tulipofungua kompyuta tulitafuta wasifu wake, tukidhani mtu wa kazi hiyo atakuwa amejiandikia. Hakuwa amejiandikia hata mstari. Mama anasema alijua tutamtungia vizuri. Basi huu ni wa mia sita na kumi na mbili, na umeandikwa kwenye mashine ile ile. Asubuhi nilipokaa kuuandika nilikawia kubonyeza kitufe, kwa woga ule ule wa zamani. Kama karatasi hii iko mkononi mwako, unajua iliwaka.

Marehemu amemwacha mkewe, Mama Nafula, watoto wake Gentrix, Nicholas na Vivianne, wakwe wawili, wajukuu saba, dada yake, na maboma mengi ambayo habari za wafu wao alizihifadhi.

Papa, umezimwa jioni, na nyumbani kila kitu kiko sawa. Ulitengenezwa vizuri. Pumzika kwa amani mpaka asubuhi.