Sakafu ya Tano

Ndani ya basi la kwenda mjini Semarang, Bu Warsini, yaani Mama Warsini, alimsikia kijana wa kando yake akijisifu kwenye simu kwamba ameandika mpango wa taifa wa tabianchi hadi mwaka 2050. Akamgusa bega.

"Mwanangu, sakafu nimeiinua mara nne kukimbia bahari, paa liko palepale. Naingia kwangu nimeinama kama mwizi. Niinue ya tano au nihame? Kijiji chetu kimo kwenye huo mpango?"

Kijana akapekua ramani ya mpango kwenye simu. "Kimo, Bu. Kimepakwa kijani."

"Alhamdulillahi!"

"Kijani ni mikoko, Bu. Itanyonya hewa chafu."

"Na sisi je?"

Bu Warsini aliahidiwa ukuta wa kuzuia bahari mwaka alioolewa. Kusubiri majibu amezoea. Basi liliposimama Sayung, kituo cha kijiji cha mama huyo, kijana akashuka naye, ingawa tiketi yake ilikuwa ya Semarang.