Nyumba Nane na Jukwaa Kubwa Kupita Kiasi

Mugeni rasmi, Papa Marcellin Zagabe, mwenye kiwanja hiki,

Karibuni! Tumefurahi mupaka tumesahau kukohoa kwanza, kama wasoma risala wanavyofanya. Mumetoka Walungu asubuhi, mukapanda ngazi zetu za Kadutu kwa miguu kwa sababu hakuna gari inayofika huku juu, na bado munatabasamu. Miye ni Charlène, sekretere wa komite. Ninasoma kwa niaba ya wote, na wote wananisukuma mugongoni.

TULIKOTOKA

Mwaka jana moto ulikula avenue yetu kwa saa mbili tu. Nyumba zetu za mbao zimebanana, munajua wenyewe. Tulilala shuleni, kanisani, na kwa mashemeji waliochoshwa na sisi. Ndipo ninyi mukatuazima kiwanja hiki, mukasema: jengeni nyumba za kupitia, watu wapumue mupaka wapate kwao. Tukasaini karatasi: nyumba nane, si zaidi, kwa sababu huku nyuma kuna migomba ya marehemu mama yenu.

TULIYOFANYA

Papa, tumejenga! Kila siku ya salongo, kazi yetu ya pamoja ya mutaa, tulisimama mustari kutoka barabarani hadi hapa, mbao zikapita mukono kwa mukono, na wamama ndio waliogombeza wavivu. Fundi wetu, Papa Modeste, alitengeneza milango yote, na hata mumoja haukwaruzi chini. Familia tatu zimekwisha kuhamia kwao, funguo zikapita kwa wengine ambao mvua iliporomosha nyumba zao. Na kila familia inapoingia, Maman Domitille analeta sufuria yake kubwa, bugali na samaki wadogo wa sambaza, tunakula wote mulangoni. Kama hiyo sufuria haijafika, bado hujaingia.

AIBU YETU

Hapa, Papa, tunainamisha kichwa, lakini tutacheka kidogo, mutusamehe. Alhamisi ya juma lililopita tulikuwa tunatayarisha risala hii. Maman Domitille akahesabu kwa vidole, akasema: "Sufuria yangu imetoka mara kumi na moja. Kwa Modeste haijafika. Ule mutu analala wapi?"

Kila mumoja alizani mwenzake anajua. Papa Modeste aliunguliwa kama sisi, lakini orodha ya wenye shida aliiandika yeye mwenyewe, na jina lake hakuliweka. Mwaka muzima anatukabizi sisi funguo, halafu jioni anarudi kulala ndani ya depo ya vyombo, juu ya maranda, chini ya bati linalovuja. Tulipomuuliza, alijibu tu: "Miye niko bien. Depo inanukia muzuri." Tuliona haya mupaka machozi.

OMBI LETU

Tunaomba nyumba ya tisa. Moja tu! Metre ine kwa tano, na migomba ya mama haitaguswa hata jani.

Sasa, Papa, musitukasirikie. Hili jukwaa mulilokalia si jukwaa. Ni sakafu. Papa Modeste mwenyewe aliijenga juzi, akatuuliza: "Jukwaa gani kubwa hivi? Mugeni anakuja na fanfare ya matarumbeta?" Tukamwambia anyamaze, apige misumari. Zile bashi, maturubai ya bluu mulizopita pale chini, zinafunika kuta ine. Na meza iliyo mbele yenu, chini ya kitambaa na maua, ni mulango.

Papa Modeste, usitoroke! Mumushike!

Mukisema hapana, tutabomoa leo hii, bila kinyongo, na heshima yetu kwenu itabaki palepale. Karatasi ni karatasi. Mukisema ndiyo, tunaomba tu musimame kidogo, mutuachie mulango. Sufuria ya Maman Domitille iko motoni tangu asubuhi.

Mungu awape maisha marefu, awafikishe Walungu salama, na migomba ya mama izae mupaka iiname.

Ni sisi, wakaaji wa Nyumba za Kupitia za Kadutu, nane kwa sasa.