Jina Nililolificha Kibra

Ndugu zangu, nimesimama haraka kwa sababu nikingoja kidogo nitaogopa. Nyinyi wa hapa Kawangware mnanijua kama dobi anayewapigia Wazungu pasi kule barabara ya Ngong. Hamjui kwamba kabla sijaingia kwa mlango huu, Jumapili nyingi nilisimama nje ya ua ule wa miiba, nikiwasikiliza mkiimba, kisha nikarudi Kibra bila kumsalimu mtu.

Nilibatizwa nikiwa mtoto, kwetu Kavirondo. Wenzangu walibatizwa, na aliyebatizwa alipewa shati. Cheka tu, mama, na wewe ulikuwa na sababu yako. Nikapewa jina Filemoni. Yesu mwenyewe sikumjua. Nilijua shati.

Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi, mtu wa kwetu akaniambia Wanubi wa Kibra hawampi chumba mtu asiyeswali. Akasema nijiite Juma, maisha yaende. Basi nikajiita Juma. Mzee wa Kinubi aliyenipokea, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, hakuniuliza swali la pili. Alinipa chumba cha nyuma, na mkewe akawa ananipakulia chakula kila jioni pamoja na watoto wake.

Mwezi wa Ramadhani nilikaa nao mkekani tukifuturu, kumbe mchana nimeshiba ugali jikoni kwa Mzungu. Kwa Mzungu nilikuwa Filemoni, nyumbani Juma. Wanasema mshika mawili moja humponyoka. Mimi yaliniponyoka yote mawili. Nilikula na watu, nikacheka nao, lakini hakuna aliyekuwa akiongea na mimi. Waliongea na Juma. Upweke huo ni mbaya, ndugu zangu. Aliye peke yake porini angalau anaweza kujisemea kwa sauti.

Sasa, ukuta kwa ukuta na mimi aliishi seremala mmoja. Naye alikuwa anaswali na wenzake pale. Akaugua kifua, akafa. Wazee walikuwa wanaandaa maji ya kumwosha, mara akaingia kaka yake kutoka kwao, akasema, "Huyu alibatizwa. Mimi nilisimama naye siku hiyo." Wazee wakarudi nyuma. Haikuwa ubaya, waliogopa kumkosea marehemu. Kaka akaenda kumtafuta mchungaji, na mchungaji akasema mtu huyo hajawahi kumwona. Maiti ikabaki pale uani chini ya shuka, kila upande ukiogopa kuigusa. Mwishowe tulimzika sisi wapangaji wachache na huyo kaka. Hakuna dua iliyosomwa, hakuna wimbo ulioimbwa. Tulisikia udongo ukianguka, basi.

Nikarudi chumbani mchana kweupe, nikafunga mlango, nikalia. Nilimlilia jirani yangu, na nilijililia. Nikifa mimi, ni nani atakayesema huyu ni wetu? Hapo ndipo nilipomwita Yesu mara ya kwanza maishani mwangu bila kutaka shati. Nilimwambia, "Mimi ni mwongo, na nimechoka. Kama unanijua, nichukue." Sikuona mwanga wala sikusikia sauti, nisiwadanganye. Lakini nilijua nimesikika, na ulikuwa umepita muda mrefu sana tangu nisikike.

Kuokoka mlango ukiwa umefungwa ni rahisi, nawaambia. Kazi ni kuufungua. Jioni walikuwa barazani, mzee, mkewe na wapangaji wenzangu. Nilisimama mbele yao, nikasema siitwi Juma, naitwa Filemoni, na mimi ni mfuasi wa Yesu Kristo. Nikasema niliwadanganya na ninaomba radhi.

Mzee aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akasema, "Chumba ningekupa hata ungeniambia Filemoni. Nimepangisha Wakristo kabla yako. Kinachoniuma ni kwamba nimekula na mtu nisiyemjua."

Hakunifukuza. Siku ile niliona ingekuwa afadhali anifukuze. Sahani yangu haikuja tena. Wapangaji walikatiza mazungumzo nikipita. Juma hawakuweza kuniita, na Filemoni hakuna aliyetaka kulitamka, kwa hiyo sikuitwa kabisa. Nilipika mwenyewe, nikala nikitazama ukuta. Kuna siku niliomba, Mungu anisamehe, nirudishiwe uongo wangu ili nipate wa kula naye. Ni upweke huo ulionivusha ua wenu nikaingia humu. Mlisogea kwenye benchi, nikakaa. Hamkuniuliza nilikuwa wapi siku zote.

Krismasi iliyopita nilikuwa navaa kuja hapa, nikasikia hatua mlangoni. Ni yule mama, mke wa mzee. Alikuwa na birika la chai na sahani ya gurusa, ule mkate wao mwembamba. Hakuingia. Aliweka vitu kizingitini, akasema, "Filemoni, kula kwanza. Njia ya Kawangware ni ndefu."

Nilikula nikilia, na nilichelewa ibada. Mzee wa kanisa alinikazia macho siku ile, sasa anajua sababu.

Nawashukuru nyinyi mlionisogezea benchi. Namshukuru yule mama na mumewe, ambao wana dini yao na hawatanisikia leo, lakini walinipa chumba nilipokuwa mwongo na hawakuninyang'anya niliposema kweli. Kama kuna aliyeketi hapa naye amemficha Mungu wake mahali, kazini au kwa jamaa zake, namwomba aseme angali hai. Atakaa peke yake kwa muda, simwahidi vingine. Lakini siku mtu atakapobisha mlangoni na kumwita, atakuwa anamwita yeye.