Maji Yaliyoonjwa na Mbuzi

Benchi letu liko nje ya duka la Faduma, nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa. Kila asubuhi tunanywa kahawa yake na kubishana kama watu waliolipwa. Wiki hii hakuna aliyetulia. Msichana wa utafiti, Nasteho, amepita nyumba kwa nyumba akitaka kujua wenye visima wanaelewa nini juu ya maji wanayokunywa. Amemhoji hata Yarow, tunayemwita Waziri wa Maji kwa sababu mtaa mzima huteka kwake bure. Na juzi mjukuu wa Yarow amelazwa kwa kuhara, mara ya pili tangu mvua ziishe. Mzee hakai, hasimami.

— Ameniuliza kama napima maji, Yarow alisema. Nimemwambia kila asubuhi. Mbuzi anakunywa kwanza. Mbuzi akikataa, hakuna mtu anateka.

— Akasema nini?

— Ameandika tu kwenye karatasi yake. Si nimepita?

Bulle, anayeitwa Daktari kwa kuuza dawa za ngamia, akamuunga mkono. Alisema ugonjwa unakaa kwenye maji ya chumvi, na ya Yarow ni matamu, tena siku hizi yamezidi utamu. Guleid wa bodaboda akakataa katakata. Kwake yeye maji yote ya chini yanatoka Mto Tana, kwa hivyo uchafu ni wa watu wa Balambala, wao ndio wako juu.

— Maze, na hiyo mnara ya simu? akaongeza. Inachemsha maji huko chini, halafu inapoa vibaya.

Bulle alitikisa kichwa kama mtu aliyesomea minara. Mimi uvumilivu ukaniishia, nikamuuliza Yarow kuhusu kile choo kipya alichochimba karibu na kisima.

— Hata huyo msichana ameuliza hiyo choo, alisema kwa hasira. Choo iko na ukuta, iko na mlango ya chuma. Itatoka aje?

Nilitaka kucheka, sikuweza. Hata mimi maji ya nyumbani kwangu nateka kwake.

Hapo akafika Ruweyda, mkwe wa Yarow, mama wa yule mtoto. Alikuwa ametoka hospitalini kwa miguu, ameshika kidumu kitupu. Alitusalimia kwa sauti ndogo, akamgeukia mzee kwa lile neno la heshima la Kisomali tunalowaitia wazee.

— Adeer, mtoto ameamka. Anaomba maji. Nimpelekee ya kisima yetu?

Guleid akaanza kutafuta funguo za pikipiki. Daktari wa ngamia akainamia viatu vyake. Ruweyda alitutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, nami nikaona aibu.

— Adeer?

Yarow alisema angoje kidogo. Hakusema angoje nini, na mtoto kule alikuwa na kiu.