Damu Iliyokuwa Inagonga Nyuma ya Jicho

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu wa Kimara. Mie ni Mama Joyce, muuza vitenge, mnanijua kwa mdomo. Leo nitasema taratibu.

Kichwa kilikuwa kinaniuma nyuma ya jicho la kushoto. Nikawa naishi kama niko usingizini. Watu wakiongea sauti zinakuja kwa mbali, na sikioni naisikia damu yangu inapita, shwaa, shwaa. Kisha kope ya jicho lile ikaanza kushuka. Nanyi mkasema nakonyeza waume za watu! Rehema, dada wa mume wangu, alinijia juu mbele ya wateja: "Wifi, unamkonyeza nani? Unamwaibisha kaka yangu." Nikamwambia kope inashuka yenyewe. Akasema, "Haya, twende hospitali tukaone." Alinipeleka ili aniumbue, ndugu zangu. Mungu ana mambo.

Kipimo kilionyesha mshipa wa damu kichwani umevimba, unaugandamiza mshipa wa fahamu unaoinua kope. Daktari akanieleza: pale mshipa unapogawanyika, damu ilikuwa inagonga palepale kila siku, mpaka nyuzi za kolajeni zinazoushikilia ukuta wake zikachakaa. Ukuta ukawa mwembamba, ukatuna kama mpira wa maji uliochoka na jua. Ukipasuka, naweza kufa. Upasuaji nao una hatari yake. Rehema akalia. Mie niliogopa sana, maana Joyce wangu alikuwa bado ananyonya.

Siku ya upasuaji nikamwambia Mungu, damu hii siwezi kuituliza, ishike Wewe. Wakanilaza kwa dawa ya usingizi. Nikajiona natembea ndani ya maji mekundu ya uvuguvugu, yanapita pande zote bila kugonga kitu. Palikuwa kimya, pananibembeleza, nikatamani kubaki. Halafu nikamsikia mtoto analia kwa mbali, nikajua ni wangu. Nikageuka.

Nilizinduka mshipa umeshabanwa kwa kibanio kidogo, damu haiingii tena kwenye uvimbe. Kope ilichukua miezi kupanda.

Ndugu zangu, Mungu alinisikia, akatumia mikono ya madaktari. Wewe unayeumwa kichwa ukajifungia ndani kuomba, usiache kuomba, lakini inuka ukapimwe. Mtumaini, hakuachi. Wiki hii nimemwachisha Joyce ziwa. Kalia wee, kakataa uji, kakataa kubebwa. Mie nilikaa namsikiliza tu, machozi yananitoka, namshukuru Mungu kwamba anamlilia mama aliye hai.