Fundi wa Torpedo Aliyezuia Manowari Isitoke

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1952, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Shangazi, ambaye yuko hapa na atanisahihisha nikikosea, anasema mtoto huyo hakuwa analala mpaka vijiko vyote virudi mahali pake. Mimi ni binti yake wa kwanza, na hilo naliamini bila kuhitaji shahidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970 akiwa wa kwanza katika fizikia na wa mwisho katika kuimba. Mwaka 1972 alijiunga na jeshi la wanamaji, akasomea torpedo kwa miezi kumi na minane. Wengi wenu mlimjua miaka yote bila kujua kazi yake, kwa sababu mkimuuliza alijibu kwamba anatengeneza samaki. Samaki huyo ni wa chuma, urefu wake kama mita sita. Kichwani ana chombo cha kusikiliza meli ya adui, tumboni ana baruti na betri, mkiani ana rafadha za kumsukuma na usukani wa kumgeuza. Huburuta waya mwembamba ambao mabaharia hutumia kumwelekeza. Usukani ukikwama, samaki anaweza kuzunguka na kumrudia aliyemtuma. Kipo kifaa cha kumzima akigeuka, lakini baba alisema hicho ni cha siku ambayo fundi amelala.

Ndiyo maana kule karakana kila kifaa kilichorewa kivuli chake ukutani kwa rangi nyekundu. Kazi ikiisha vifaa huhesabiwa, na kivuli kimoja kikibaki wazi, hakuna kinachotoka. Alipomwoa mama yetu, tarehe 20 Desemba 1980, alihamishia mtindo huo jikoni. Kuna jioni tulikaa na njaa saa nzima tukitafuta mwiko, kumbe kaushika yeye. Mama alisema hakuolewa na mwanamume, aliolewa na stoo.

Siku moja tu hakuhesabu. Tarehe 13 Machi 1991 mkono wake ulikuwa ndani ya mkia wa torpedo alipoletewa habari kwamba mama amejifungua kitinda mimba wetu kabla ya wakati. Akafunga mkia, akakimbia hospitali. Aliporudi asubuhi, torpedo tatu zilikuwa zimeshapakiwa kwenye manowari iliyopaswa kung'oa nanga saa sita mchana, na kivuli cha spana namba kumi na mbili kilikuwa wazi. Mtunza stoo alimnong'oneza aning'inize nyingine, nani atajua. Baba akaenda moja kwa moja kwa kamanda.

"Mkuu, spana ni yangu na kosa ni langu," alisema. "Meli isitoke."

Torpedo zote tatu zilishushwa kwa winchi na kufunguliwa moja moja, siku mbili mfululizo. Hakikupatikana kitu. Maneno aliyoambiwa na kamanda siwezi kuyasoma mbele ya wazee. Siku ya tano mama alirudi kutoka wodini, akafungua bunda la nguo chafu, na spana ikaanguka kutoka mfukoni mwa ovaroli aliyokwenda nayo baba hospitali na kuiacha huko. Hakuna mwingine aliyejua. Mama mwenyewe anakiri alimwambia yaliyopita si ndwele, akaitupe baharini. Baba aliifuta mafuta, akairudisha kwa mkono wake.

Alivuliwa cheo kimoja, na hakupandishwa tena mpaka alipostaafu mwaka 2007. Wenzake walimwita Mzee Mfuko. Alicheka nao, lakini ilimuuma, nasi tuliona. Tangu wiki ile, kila asubuhi mama alimpapasa mifuko mlangoni kabla hajamwachia atoke, akimwambia, "Mitupu. Nenda." Nilikulia ndani ya maneno hayo mawili.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kudhoofika. Alivumilia matibabu miaka miwili, akiwahesabia wauguzi sindano zao. Mwezi uliopita alitembelewa na mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyekuwa nahodha wa manowari ile. Alimwambia baba kwamba alimkasirikia siku mbili nzima, na kwamba baadaye, kila meli aliyokabidhiwa, aliuliza kwanza kama ina fundi wa namna yake. Baba alimwomba radhi kwa kumchelewesha. Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, sote tukiwa kando yake. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea yeye.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada mmoja, na mabaharia wengi ambao hawakuwahi kumwona uso.

Jana, kabla jeneza halijafungwa, mama alituomba tusubiri. Aliingiza mkono katika mfuko wa kulia wa koti la baba, kisha wa kushoto, kisha ule wa ndani. Halafu akamnyoosha kola.

"Mitupu, Baba watoto," alisema. "Nenda."

Apumzike kwa amani, fundi wetu.