ND Haiko "Hakuna"

EPHRAÏM: Haloo? Haloo, ni nani anaita na namba hii?

PRISCILLE: Ni miye, dada yako Priscille. Simu yangu haina moto, chaji imeisha, nimeomba ya Glodie, tunafanya naye kazi ku santé, ku zahanati.

EPHRAÏM: Ah, yaya. Jambo. Kule kwenu Bule iko namna gani? Na wagonjwa?

PRISCILLE: Tuko tu. Mudogo, uko wapi sasa hivi?

EPHRAÏM: Hapa Bunia, ku labo. Nimetoka kidogo ku kuluari, inje ya mulango. Kuko watu wananingojea ndani.

PRISCILLE: Basi nisikilize mbio. Leo asubui walituita wote, wenyeji na wale wakimbizi wa ku site, ku kambi. Baudouin, ule mukubwa wa koperative ya zahabu, akasimama na karatasi ya maji ya mutoni. Ile yenye mulipima.

EPHRAÏM: Aliisoma?

PRISCILLE: Aliisoma. Alipofika pa mercure, ile zebaki ya kuosha zahabu, akasema kumeandikwa ND. Akainua karatasi watu waone. Akasema ND ni "hakuna".

EPHRAÏM: Alisema "hakuna"? Na kinywa yake?

PRISCILLE: "Hakuna hata kidogo, labo ya Bunia njo imesema." Watu wakapiga makofi. Na chini kuko jina yako, Ephraïm. Nimeiona na macho yangu.

EPHRAÏM: Ni yangu. Nilisinya, nilitia sahihi. Lakini ND haiko "hakuna".

PRISCILLE: Sasa ni nini?

EPHRAÏM: Non détecté. Masini haikuona.

PRISCILLE: Si ni neno moja tu—

EPHRAÏM: Hapana, yaya, ngoja. Weye ni muganga, utaelewa. Mutu anakuja kwako na homa. Termometa yako iko mbovu, inaanza kuandika kwa quarante, arobaini. Chini ya pale haionyeshe kitu. Utamwambia hana homa?

PRISCILLE: Nitamwambia sijue.

EPHRAÏM: Njo maana ya ND. Masini yetu ni ya zamani, inaanza kuona mercure kwa dix, kumi. Na kibali yenye koperative ilipewa ya kuosha zahabu, inaruhusu un tu, moja. Toka un mpaka dix, siye ni vipofu.

PRISCILLE: Kwa hiyo maji inaweza kuwa na mara tisa ya—

EPHRAÏM: Inaweza. Ama inaweza kuwa safi. Mutu yeyote hajue.

PRISCILLE: Na mbona hukuandika vile?

EPHRAÏM: Niliandika. Ukurasa ya pili, mustari ya kwanza. Nikasema masini haishuke mpaka kipimo ya kibali, ND isichukuliwe kama "haiko", wapeleke maji ku labo ingine. Karatasi mbili, agrafe moja, ile pini ya kuzishika. Niliipiga mwenyewe.

PRISCILLE: Baudouin alikuwa na moja.

[rezo ya simu inakwaruza]

EPHRAÏM: —sikii. Ulisema?

PRISCILLE: Karatasi moja. Pa pembe kuko vitundu mbili vya agrafe.

EPHRAÏM: Basi walitoa ya pili.

PRISCILLE: Lakini sikukupigia ju ya karatasi. Ile citerne, gari ya tanki yenye inaleteaka wakimbizi maji, wamesema itaondoka kesho. Kwani itabakia ju ya nini, na mutoni iko safi? Toka saa sita wamama wanashuka na mabidon ya kuteka maji. Miye niko pa dirisha ya maternité, pale wanazalia, ninawaona. Kavira amepita sasa hivi, ana mimba ya miezi saba.

EPHRAÏM: Kavira gani?

PRISCILLE: Ule alikimbia toka Djugu na mama mukwe yake. Mikono inamutetemeka. Wiki iliyopita nilimufungia vifungo vya nguo miye mwenyewe, vidole vilikataa.

EPHRAÏM: Toka lini?

PRISCILLE: Miezi mbili. Na yeye ni wa tatu. Wote wanakulaka samaki ya pale chini. Sikukuambia, sababu sikuwa na hakika.

EPHRAÏM: Yaya...

PRISCILLE: Kuja kesho. Useme mbele ya watu vile umeniambia. Mapikipiki inapita.

EPHRAÏM: Sitaweza.

PRISCILLE: Barabara iko—

EPHRAÏM: Haiko barabara. [anashusha sauti] Wenye wananingojea ni chef wangu na watu wawili wa koperative. Wameleta attestation, cheti. Wanataka nisinye kwamba kuko "absence ya mercure", maana haiko. Wanasema haiko uongo, ni kuweka ND mu maneno yenye raia anaelewa.

PRISCILLE: Na utasinya?

EPHRAÏM: Toka saa tatu ya asubui wako hapa. Kwanza walikuwa wanacheka. Wakanunulia kila mutu soda. Sasa hawacheke tena. Kuko mumoja akaniuliza kama tungali tunaikala na mama pale pale. Kisha akasema, "Nyumba yenye mulango ya bleu, si ndiyo?"

PRISCILLE: Ephraïm. Waambie tumbo inakuuma. Shuka, panda pikipiki, uende.

EPHRAÏM: Gari yao imefunga barrière, lango ya kutokea. Yaya, uko na kalamu?

PRISCILLE: Ninayo.

EPHRAÏM: Andika. Pole pole. "ND maana yake masini haikuona. Haina maana kwamba mercure haiko."

PRISCILLE: "...kwamba mercure haiko." Endelea.

EPHRAÏM: "Mpaka labo ingine ipime, musikunywe maji ya mutoni, musikule samaki yake. Citerne ibakie."

PRISCILLE: "Citerne ibakie." Na chini? Nitie "labo ya Bunia"?

EPHRAÏM: Labo itakana. Tia jina yangu.

PRISCILLE: Mudogo—

EPHRAÏM: Tia na ya baba, wajue ni Ephraïm gani. Bandika moja pa maternité, na ingine umupe mwenye kuendesha citerne, mu mukono. Leo.

PRISCILLE: Na wale wenye wanakungojea, utawaambia nini?

EPHRAÏM: Vile uliniambia pa termometa. Sijue. Sitaandika kitu chenye sijue. [kwa sauti ya juu] Ndiyo chef, nakuja. Ni yaya wangu, anaulizia habari ya mama.

PRISCILLE: Chini ya jina yako nimetia yangu. Priscille, infirmière, muuguzi, mwenye alisikia.

EPHRAÏM: Toa hiyo. Weye uko na watoto.

PRISCILLE: Nimeshaandika.

[rezo inakwaruza]

EPHRAÏM: —kama unanisikia. Kesho ukipiga na hunipate, usikuje ku labo kuuliza. Mutoe mama kwanza. Umupeleke Nyankunde, kwa tantine Abigaël.

PRISCILLE: Nitamutoa leo. Lakini weye, weye utapita wapi? Unité ya simu inaisha, niambie utapita—

EPHRAÏM: Wametoka ku kuluari. Sawa, yaya. Asante. Ulale muzuri.

PRISCILLE: Kulala nini? Ni saa kumi ya muchana, Ephraïm. Ephraïm?

[unité imeisha]